Siku ya Saba

Safu ya nne ya fomu zetu iliandikwa "Siku ya 7", na hiyo ndiyo iliyotushinda. Tatu za mwanzo zilijaa bila taabu: umri na jinsia ya mgonjwa, jino lililong'olewa, uzi alioshonwa nao. Ukifika ya nne, kalamu inaanza kuchora vistari. Hakurejea. Hakurejea. Simu haipatikani. Hakurejea.

Nilikuwa msaidizi wa utafiti, kijana wa kujaza fomu na kupiga simu, kwenye kituo cha afya kimoja cha bara, katika nyika ambako ng'ombe ni wengi kuliko nyumba na basi hupita mara moja kwa siku. Jina la kituo na la waliotufadhili nitayaacha, kwa kuwa wote walifanya kazi kwa nia njema na mradi wenyewe ninauheshimu hadi leo. Swali lake lilikuwa la maana. Gego la mwisho linapokataa kutoka kwa koleo, tabibu huchana fizi, pengine hupunguza mfupa kidogo, kisha huirudisha fizi mahali pake na kuishona. Je, ashone kwa uzi wa hariri au kwa uzi unaoyeyuka?

Asiyewahi kuzishika nyuzi hizi huenda akaona ni jambo dogo. Hariri ni laini, fundo lake likikaza limekaza, na weusi wake unaonekana hata mdomo ukijaa damu. Bei yake nayo inavumilika. Ila imesokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba, kwa hiyo hunyonya mate kama utambi wa taa ya chemli unavyonyonya mafuta, na bakteria hupanda pamoja na mate hayo hadi ndani ya kidonda. Tena haiyeyuki kwa wakati. Lazima ikatwe na kuvutwa baada ya wiki moja hivi. Uzi unaoyeyuka wa kiwandani, ule wa poliglaktini ulioingia sokoni miaka ya 1970, huvunjwavunjwa taratibu na maji ya mwili wenyewe, na mgonjwa hana haja ya kurudi kutolewa. Kikwazo chake ni bei. Kati ya hizo mbili upo uzi wa zamani uliotengenezwa kwa utumbo wa kondoo au ng'ombe, ambao Ulaya waliuacha mwaka 2001 kwa hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Kwenye kabati letu ulikuwemo bado.

Andiko la mradi lilieleza mambo hayo kwa kurasa na kurasa: unene wa uzi, mkunjo wa sindano, aina ya fundo, hata namna ya kupima uvimbe wa shavu kwa tepu ya fundi cherehani kutoka pembe ya mdomo hadi ndewe ya sikio. Kuhusu marejeo lilikuwa na sentensi moja tu, kwamba mgonjwa atarejea siku ya 7 na ya 14. Mradi mzima ulikaa juu ya sentensi hiyo, na hakuna aliyeikagua.

Mzee mmoja alirudi wiki ya tatu. Namkumbuka kwa sababu alikuja na fimbo yake na kijiti cha mswaki mdomoni upande wa pili, usio na kidonda, akakitoa kwa adabu alipokaa kwenye kiti.

"Shikamoo, baba," tabibu wa meno alimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Kuna kitu kinanichoma humu."

"Tulikuomba urudi siku ya saba, baba."

"Siku ya saba nilikuwa siumwi."

Tabibu akamwashia taa na mimi nikainama nione. Uzi ulikuwa umezama. Fizi ilikuwa imepanda juu yake kama gome la mti linavyoumeza waya wa uzio uliofungwa zamani, na pembeni mwa fundo palikuwa na ugaga mweupe wa chakula na harufu nisiyotaka kuieleza. Tabibu alisafisha, akalinyanyua fundo kwa kibano, akaukata uzi upande mmoja, karibu kabisa na nyama, ili kipande kichafu kilichokuwa nje kisipite tena ndani kikivutwa. Kisha akavuta. Hariri iliyoingia nyeusi ilitoka na rangi ya kutu, imefumuka. Mzee alitema damu kidogo, akapumua, akasema sasa kimetoka.

Nilirudi kwenye fomu yangu. Siku ya 21 haikuwa na safu.

Jibu lake lilinikaa kichwani kuliko kipimo chochote tulichochukua. Mtu wa kule huenda hospitali akiumwa. Akiwa haumwi, nauli ya bodaboda, siku moja ya kazi, na mtoto wa kuachiwa mifugo ni gharama asiyoiona sababu yake. Wengine, nilikuja kusikia baadaye, walitolewa nyuzi nyumbani kwa wembe na mke au na jirani mwenye mkono mwepesi, na wengi wao walipona salama. Kwenye karatasi zetu wote hao ni watu wamoja: hakurejea.

Miaka iliyofuata nimesoma habari nyingi za nyuzi, na iliyonigusa kuliko zote ni ya zamani na haihusu meno. Mwaka 1879, huko Kahura katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo, mmisionari Mwingereza mwenye elimu ya udaktari, Robert Felkin, alishuhudia mama akizalishwa kwa kupasuliwa tumbo na mganga wa hapohapo. Aliyaandika aliyoyaona katika jarida la madaktari la Edinburgh mwaka 1884. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, na pombe hiyohiyo ikatumika kuoshea tumbo na mikono ya mganga. Baada ya mtoto kutolewa, kidonda kilifungwa kwa vijiti 7 vyembamba vya chuma vilivyong'arishwa, vikakazwa kwa kamba ya gome la mti lililopondwa, lile linalotengenezewa nguo. Juu yake ikapakwa dawa: mizizi ya aina mbili iliyotafunwa mdomoni mpaka ikawa rojo, ikatemewa kwenye chungu, ikafunikwa kwa jani la mgomba lililopashwa moto.

Wasomaji wengi husimama hapo, kwenye chuma na mizizi, wakastaajabu. Mimi huvutwa na kinachofuata. Siku ya tatu mganga alitoa kijiti 1. Siku ya tano akatoa vingine 3. Siku ya sita akatoa vilivyobaki. Kila alipotoa, alipaka rojo jipya na kufunga upya, na siku ya 11 Felkin aliandika kwamba kidonda kimefunga. Yaani kule Kahura kurudi kukitazama kidonda kulikuwa sehemu ya ushonaji wenyewe. Huenda aliyeshona aliishi jirani na aliyeshonwa, na siku zilihesabiwa na watu wawili wanaojuana.

Ninaposoma matokeo makubwa ya siku hizi huyapima kwa kipimo hicho. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri, kwa tahadhari, kwamba nyuzi zilizopakwa triklosani zitumike kupunguza uambukizo wa vidonda vya upasuaji. Triklosani ni kemikali ya kuua bakteria ambayo kwa miaka mingi ilikuwa pia ndani ya baadhi ya dawa za meno. Ushauri ulitokana na tafiti zilizokuwepo wakati ule, nyingi zikiwa za nchi tajiri. Kisha ukafanyika utafiti ulioitwa FALCON katika hospitali 54 za Benin, Ghana, India, Mexico, Nigeria, Rwanda na Afrika Kusini, ukahusisha wagonjwa 5,788 waliopasuliwa tumbo, na kuwafuata hadi siku ya 30. Matokeo yalitoka mwaka 2021 katika jarida la Lancet: uzi wenye triklosani haukuonyesha nafuu yoyote iliyothibitika kuliko uzi wa kawaida, na wagonjwa wapatao 22 katika kila 100 walipata uambukizo, bila kujali walishonwa na upi.

Tumbo si fizi, nalijua hilo. Mdomo una damu nyingi na hupona upesi kuliko ngozi, na hakuna aliyewahi kuutakasa ukabaki bila bakteria hata kwa saa moja. Lakini ile 22 katika 100 inanikumbusha kabati letu. Sisi tulikuwa tukibishana juu ya uzi, na kidonda kilikuwa kikiamuliwa na maji ya kusukutulia, na umbali, na alichokula mtu jioni ile, na aliyemwambia arudi alimwambiaje.

Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo fomu haikulijua.

Swali la mwisho lilisema: Je, umetumia dawa nyingine yoyote kwenye kidonda? Ndiyo au Hapana. Nilikuwa nikiliuliza kwa sauti, tabibu amesimama pale na koti lake jeupe, na kila mmoja alijibu hapana. Siku moja mama mmoja wa makamo, ambaye kidonda chake kilikuwa kimefunga vizuri mno, alinikuta nje kwenye benchi. Nikamwuliza tena, kwa kumtania kidogo.

"Mwanangu, wewe andika hapana," akasema. Halafu akanihesabia kwa vidole. Kabla hajaja alikuwa ameziba tundu la jino kwa karafuu iliyotwangwa. Baada ya kung'olewa akasukutua maji ya chumvi kama alivyoagizwa, lakini asubuhi na jioni alisukutua pia maji ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa na kupoa. Na siku ya pili dada yake alimletea unga wa mzizi ambao jina lake alinitajia kwa lugha ya kwao, nisiweze kuliandika. "Mle ndani nikisema nitagombezwa."

Nilikaa na kalamu. Kwa hiyo tulikuwa tukilinganisha nyuzi mbili ndani ya vinywa ambavyo huenda vingi vilikuwa na dawa ya tatu, isiyo na jina wala kipimo. Kwenye chuo cha udaktari cha Muhimbili, hapa Tanzania, walianza kitengo cha utafiti wa tiba asili mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991, na madaktari wa meno wamekuwa wakifundishwa katika eneo hilohilo tangu mwisho wa miaka ya 1970. Maarifa ya miti na maarifa ya fizi ni majirani wa muda mrefu. Fomu yetu ndiyo iliyowatenganisha, ikampa mama yule kisanduku kimoja cha ndiyo na kimoja cha hapana, na hofu ya kukaripiwa katikati.

Kijiti cha yule mzee kinafaa kutazamwa hapa, maana ndicho mmea uliochunguzwa sana kuliko karibu wote katika tafiti za kinywa. Kwa Kiswahili mti wake unaitwa mswaki, Wamasai huuita oremit, na sote tumelichukua jina la mti tukaupa mswaki wa plastiki. Katika miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilihimiza utumike pale ambapo ni desturi. Watafiti wa Taasisi ya Karolinska nchini Sweden walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2008 ambalo bado linanipa furaha nikilifikiria. Walichukua vipande vya mswaki, vingine wakavipachika ndani ya kisahani kilichooteshwa bakteria wa kinywa, vingine wakavitundika juu ya kisahani bila kugusa kitu. Hata vilivyotundikwa viliua. Kuna kitu kilikuwa kinafuka kutoka kwenye kijiti na kushuka kama moshi usioonekana. Mwaka 2011 wakakitaja: benzili isothiosayaneti, ndugu wa kile kinachochoma pua mtu akila haradali.

Sasa fikiria kitu kinachofuka. Ndani ya kisahani chenye kifuniko kinakaa na bakteria saa 24, hakina pa kwenda. Mdomoni, mate huzalishwa nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku, yakiosha na kumezwa bila kupumzika. Ukikausha kijiti, ukakisaga, ukakichanganya na rangi na sukari ya bandia, ukakitia kwenye chupa ikae rafu ya duka miezi 8, utakuwa umebakiwa na nini cha kufuka? Yule mzee hukata kijiti kibichi. Kila asubuhi huiondoa ncha ya jana kwa kisu na kutafuna ncha mpya. Nilikuwa nadhani anafanya hivyo kwa usafi tu. Baada ya kusoma jaribio la Karolinska nilianza kuona kwamba desturi hiyo ya kukata ncha huenda ndiyo kipimo cha dawa, kilichohifadhiwa mkononi kwa vizazi. Mradi unaobeba mmea na kuiacha desturi yake nyuma umebeba nusu ya mzigo.

Mtindo mmoja umenichosha katika tafiti za nyuzi na mimea kwa pamoja. Uzi huchovywa kwenye maji ya mmea fulani, manjano au mshubiri au mwarobaini, hukaushwa, hulazwa kwenye kisahani, na kesho yake hupimwa upana wa duara tupu ambako bakteria hawakuota. Duara likiwa pana, makala huisha kwa kusema mmea unaahidi. Sidharau kazi hiyo, ni lazima mtu aanze mahali. Lakini ahadi hiyo ikikaa miaka bila kupita kwenye mdomo wenye mate, ugali na tumbaku, wenye kula jasho la wengine ni wachapishaji, na aliyeng'olewa gego hajapata kitu.

Ipo karafuu, ambayo ilivuka. Kila aliyewahi kuingia chumba cha meno anaijua ile harufu kabla hajaona sindano. Tabibu huweka unga mweupe wa oksidi ya zinki juu ya kipande cha kioo, hudondosha matone ya yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, na kuvikanda kwa kisu bapa mpaka viwe kama ugali mzito. Huziba tundu kwa muda, na hutuliza. Mtu aliyepoteza donge la damu baada ya kung'olewa, mfupa ukabaki wazi na maumivu yakamfikia sikioni siku ya tatu, huwekewa gozi lenye mafuta hayohayo na huonekana usoni jinsi anavyopata nafuu kabla hajashuka kwenye kiti. Pemba wanayakamua mafuta haya hata kwenye makonyo, vile vikonyo ambavyo mkulima huvitenga na karafuu yenyewe.

Nimejiuliza kwa nini hii imevuka na nyingine zimebaki kwenye visahani. Naamini ni kwa sababu inafanya kazi mgonjwa akiwa bado mbele ya tabibu. Haimngoji arudi. Hata hivyo nayo ina masharti yake: kizibo cha karafuu ni cha muda, kinalika, na yujenoli iliyobaki huzuia vile vizibo vyeupe vya kisasa kukauka sawasawa. Gozi la kwenye tundu nalo linataka kubadilishwa. Ila mtu wa gozi anarudi. Amekwisha onja maumivu, na anajua nani aliyeyatuliza.

Tanzania ilishawahi kuwa mahali pa kujaribia wazo la kumaliza kazi kwa safari moja. Katikati ya miaka ya 1980, daktari wa meno Jo Frencken na wenzake walianza huku njia ya kuziba meno bila umeme wala mashine: sehemu iliyooza inakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, tundu linazibwa kwa saruji inayoshikana na jino na kutoa floraidi. Njia hiyo ilipelekwa Thailand mwaka 1991 na Zimbabwe mwaka 1993, na tarehe 7 Aprili 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa dunia nzima. Ulimwengu uliipokea. Lakini ilipokuja kujaribiwa kwenye kliniki za serikali za hapa ilipozaliwa, Profesa Emil Kikwilu na wenzake wakiifuatilia, kung'oa kuliendelea kuwa tiba kuu. Watu hufika jino likiwa limekwisha haribika na wakitaka litoke. Na saruji ikiisha imeisha, wakati koleo haliishi.

Mradi wetu wa nyuzi ulifungwa kwa ripoti yenye maneno ya adabu: washiriki waliopotea katika ufuatiliaji walikuwa wengi, kwa hiyo hitimisho haliwezi kutolewa. Masanduku ya uzi unaoyeyuka yalibaki mawili, yakatumika, yakaisha. Tabibu akarudi kwenye hariri.

Nilipita pale tena baada ya muda, kwa shughuli nyingine, nikakuta amebadili kitu kimoja. Kwenye kadi ya mgonjwa haandiki tena siku ya saba. Anauliza, "Baba, gulio lenu ni lini?" Anajibiwa Jumamosi, au Jumatano kwa wale wa ng'ambo ya korongo, naye anaandika hivyo. Hariri inaweza kutolewa kati ya siku ya tano na ya kumi, na gulio linalokuja mara moja kwa wiki karibu kila mara huangukia humo. Siku za gulio anafungua mlango saa 12 na nusu asubuhi kwa ajili ya nyuzi tu, bila foleni, ili mtu asikose wanunuzi. Na pale chini ya kadi ameongeza mstari kwa mkono wake: "Nyumbani ulipaka nini?" Hakuna ndiyo wala hapana. Kuna nafasi ya kuandika.

Nilifika Jumamosi. Chini ya mgunga wa nje walikuwa wamefungwa mbuzi watano, na ndani mwenye mbuzi alikuwa ameachama, akimtajia tabibu jina la mzizi pole pole, silabi kwa silabi, huku tabibu akiandika.